Kemi na Wadudu Wawili wa Kishanda

Bado nakataa. Juzi nilipigiwa simu nikaikata, nikapigiwa tena: Mwalimu Kemilembe, Kemi wangu wa Kishanda, hatunaye. Mawe, mama yangu!

Wanafunzi wake wa Biology mtaandika ya darasani. Mimi naandika ya nyumbani, na atakayekasirika akasirike.

Vita ilikuwa imeisha, Juliana ameingia. Ndivyo tulivyouita UKIMWI miaka ile. Ulimchukua baba yake, kisha mama. Kemi, binti wa sekondari, akabaki na wadogo zake na kibanja cha migomba.

Alipenda wadudu wanaokula wenzao. Kwenye vumbi chini ya upenu alinionyesha yule anayechimba kishimo na kujificha chini yake. Sisimizi akiteleza, anarushiwa mchanga mpaka amfikie.

Kule kisimani akanionyesha mtoto wa kereng'ende, ametulia kwenye tope kama jani bovu. Ghafla mdomo wake wa chini ukafyatuka, ukarudi na kiluwiluwi. Nilipiga kelele.

"Yupi mbaya zaidi?" nikamuuliza.

"Wa majini. Wa vumbini shimo lake unaliona, unapita pembeni."

Baba yake mkubwa alikuwa wa vumbini. Alikaa uani kila siku akisubiri shemeji yake, mama wa Kemi, afe achukue kibanja, wala hakuficha.

Baba mdogo ndiye aliyeleta mikungu ya ndizi na mafuta ya taa, akabembeleza watoto. Sote tulimsifu. Loh!

Matanga ya mama hayajaisha, Kemi akaona milamula, ile miti yetu ya mpaka, imesogea ndani ya kibanja. Na kwetu msibani hakuna anayeshika jembe. Akawaita wazee wa ukoo, akawaonyesha udongo mbichi.

"Baba zangu, nani amelima tukiwa tunalia?"

Baba mdogo, ambaye shamba lake lilipakana na lao, akainamisha kichwa. Wazee hawakujali haki ya msichana, waliogopa mwiko. Mpaka ukarudishwa siku ile ile.

Leo nyinyi watoto wa baba mdogo mnaandika hapa "dada yetu, nguzo yetu" na emoji za kulia. Hata maturubai hayajafunguliwa, mmeshaanza kuulizia kibanja. Shame on you! Msiniweke kwenye group lenu la mazishi, nitawatukana.

Kemi, kesho tunakulaza humo humo kibanjani, kando ya mama yako. Sasa waje wakuhamishe.

Lala kwako, rafiki yangu.