Watu Watatu na Mtumbwi wa Kituku

Asubuhi hiyo nilikuwa peke yangu kwenye redio yetu ndogo hapa Goma. Mama mmoja muuza samaki akapiga simu kutoka Kituku, soko la kando ya ziwa ambako mitumbwi hutia nanga.

“Papa, ni kweli mutumbwi wa motere umezama? Hapa Kituku watu wanasema.”

Sikujua. Mkubwa wetu wa kazi alitukataza kusoma hewani habari ya kifo kabla watu watatu hawajaithibitisha. Nikampigia mvuvi ninayemfahamu, halafu mchukuzi wa mizigo, halafu mwalimu anayeishi karibu na ziwa. Hakuna aliyesikia kitu. Kila mmoja akaahidi kuulizia.

Haikupita saa moja, wote watatu wakanipigia: ndiyo, umezama, watu wamekufa. Nikaanza kuandika. Ila maneno yao yalifanana mno.

“Mwalimu, uliona mwenyewe?”

“Hapana, nimepata ujumbe wa sauti.”

Akanitumia. Ilikuwa sauti ya yule mvuvi: “Mutu wa redio amenipigia, anasema mutumbwi umezama.”

Mtu huyo wa redio ni mimi. Mimi niliyeuliza tu! Nikaacha kalamu, nikapanda pikipiki hadi Kituku.

Ufukweni watu walikuwa wamejaa. Mama mmoja, ambaye mume wake alisafiri kwa mtumbwi uliokuwa ukingojewa asubuhi hiyo, akanikamata shati.

“Wewe wa redio, sema! Bwana yangu ni muzima?”

“Mama, sijui.”

“Sasa munajua nini?”

Pembeni yake, muzee mmoja aliapa kwamba aliona mtumbwi ukipinduka, kwa macho yake. Akanyoosha kidole kuelekea ziwani. Mimi niliona maji matupu.

Kabla ya saa sita mtumbwi ukatokea, motere, yaani injini yake, imekufa, abiria wanapiga kasia. Wote walishuka wazima. Yule mama alimkumbatia mume wake huku akimpiga mgongoni.

Nikamrudia muzee. “Uliona nini basi?”

“Niliona ukipinduka, mutoto wangu. Labda ulikuwa mwingine.”

Niliulizia kwa wenye mitumbwi siku hiyo na kesho yake. Hakuna aliyepoteza chombo wala mtu. Muuza samaki naye hakukumbuka nani alimwambia.

Jioni tulisoma kwamba mtumbwi umefika. Maneno ya muzee niliyaandika, nikayafuta, nikayaandika tena. Mwisho sikuyasoma, na hadi leo sijui kama nilifanya vizuri.