Kengele ya Mgonjwa

Kengele ya baiskeli ikilia nyuma yangu, miguu hainingoji, hushuka njiani yenyewe. Juzi tulikuwa tunatoka kazini, mimi na Grace, Mganda ninayefanya naye usafi kwenye maghorofa ya Jumeirah Village Circle, huku Dubai. Tulikuwa tumechoka hata mazungumzo yametuishia, tukifuata njia ya baiskeli kwenda kusubiri basi la kampuni. Kijana anayepeleka vyakula akapiga kengele, kriing. Mimi huyo, mpaka mchangani, nimesimama wima kimya.

"Dada, wewe nani amekufukuza?" Grace akacheka. "Yalla, rudi huku, hii njia ni kubwa, hata gari inapita."

Nilicheka naye, nikakung'uta mchanga viatuni. Sikuwa na nguvu ya kumweleza. Ninyi nitawaeleza.

Kwetu, upande wa Nachingwea, baiskeli zilipita relini. Vyuma vyenyewe viling'olewa kabla sijazaliwa, likabaki tuta refu lililonyooka, jembamba juu, majani marefu huku na huku, na watu wakaendelea kuliita reli. Mimi nilijua reli ni jina la njia ya baiskeli. Siku mwalimu alipotuonyesha picha ya treni ikiwa relini, niliwahurumia watu wa huko. Wangepishana vipi na dude lile?

Maana kupishana ndilo lilikuwa jambo. Mwenye baiskeli tupu alimpisha mwenye mzigo. Lakini aliyebeba mgonjwa alipiga kengele mfululizo tangu mbali, na wote walioisikia walishuka tuta kabisa, na magunia yao, wakasimama majanini kimya hadi apite. Hili mimi sikuwa nimeambiwa.

Nilikuwa darasa la kwanza mama alipougua. Alikuwa mjamzito, na asubuhi ile uchungu ulimshika kabla ya wakati wake, na damu nyingi. Baba alifunga mto kwenye keria, wakamkalisha, mjomba akamshikilia kwa nyuma. Mimi nililia kuachwa.

"Mchukueni tu," mama akasema. "Atatupigia kengele."

Wakanipakiza mbele, kwenye bomba. Jamani, nilipiga! Watu walishuka mmoja mmoja: wanaume wenye magunia ya korosho, mwanamke na ndoo yake ya maji, hata mwalimu mkuu, ambaye shuleni sisi ndio tuliompisha. Wengine walivua kofia. Nikawapungia mkono. Niliona wazi kwamba baba yangu ni mtu mkubwa, ila tu hajawahi kutuambia. Nyuma yangu mama alikuwa akisema, "Piga, mwanangu, piga," kwa sauti iliyozidi kufifia kadiri tulivyokwenda.

Hospitali wakamwingiza ndani, mimi nikalala kwenye benchi. Baba aliniamsha alasiri, tukaondoka wawili. Tulipofika relini nikaanza tena kazi yangu, na watu kule mbele wakaanza kushuka. Baba akaifunika kengele kwa kiganja.

"Acha, mwanangu. Hatuna mgonjwa tena."

"Mama je?"

"Anakuja na mjomba wako. Kwa lori, barabara kubwa."

Niliona wivu, nasema kweli. Mama amepona, na juu ya hapo anapandishwa lori! Nikamwimbia baba nyimbo zote za shule, na zilipokwisha nikazirudia.

Tulipokaribia nyumbani niliruka nikakimbia mbele. "Bibi! Hatuna mgonjwa tena! Mama anakuja na lori!" Jirani yetu, aliyekuwa akimsaidia bibi kutwanga, akatupa mchi akapiga kigelegele. Kikakatika katikati. Alikuwa amemwona baba anavyoingia. Bibi akakaa chini palepale, kwenye pumba, na kilio kikaanza, nami nimesimama kati yao nikiwasahihisha. "Amepona," nilisema. "Baba kasema."

Kwa miaka mingi nilimkasirikia baba kwa maneno yale. Niliona alinidanganya, akaniaibisha mbele ya watu. Sasa na mimi nina mtoto, analelewa na dada yangu, na kila Ijumaa kwenye simu ananiuliza narudi lini. Namwambia inshallah, karibu tu, halafu nakaa kitandani na viatu miguuni, sina hata hamu ya kula. Nimejua jinsi neno la kweli linavyokataa kutoka mbele ya mtoto. Baba alitafuta neno lisilo la uongo, akapata lile moja, na alipoona nimelisikia vingine hakunisahihisha. Baiskeli ilikuwa nzima na njia ilikuwa nyeupe, lakini hakuipanda. Aliisukuma kwa miguu toka hospitali, polepole, maana mpaka tufike nyumbani mimi nilikuwa bado nina mama.