Pigano Lililorudiwa Kinyozini

Kinyozi wetu wa Gatwekera, hapa Kibera, hakunyoa mtu vizuri kwa muda mrefu baada ya lile pigano. Angeanza kichwa upande mmoja, afike karibu na sikio, raundi ya nane imjie akilini, basi mashine ingebaki hewani ikinguruma na mteja amekaa na nusu ya nywele akingoja haki itendeke.

"Sasa niambieni," angesema, "mtu wetu alianguka ama aliteleza?"

"Aliteleza!" benchi lote lilijibu.

"Na refa alikuwa anahesabu nini?"

"Alikuwa anahesabu mbuzi zake!"

Mtu wetu alikuwa kaka yangu. Alikuwa amepigania mshipi wa ubingwa wa nchi na kijana wa Kawangware, wakafika raundi ya mwisho wote wamesimama. Majaji wawili wakampa wa Kawangware, mmoja akampa kaka. Hapo ndipo mjadala ulipoanzia. Kibera ilisema tumeibiwa. Kawangware ilisema ngumi haziibiwi, zinapigwa. Na mimi nilikuwa katikati, kwa sababu nalala Gatwekera na mama na kaka, lakini chai na mandazi nauzia Kawangware, kando ya stendi ya bodaboda. Asubuhi nasikia kaka amepigwa, jioni nasikia ameshinda. Nilizoea. Mimi ni mtu wa kucheka haraka, nikaona ni raha kuwa na kaka anayezungumziwa sehemu mbili za jiji kwa siku moja.

Pale kinyozini hawakubishana kwa mdomo tu. Walipigana upya. Fundi viatu mmoja alijifanya wa Kawangware, kijana wa kuuza maji akajifanya kaka, na kinyozi akavaa taulo shingoni akawa refa, kocha na jaji. Raundi kwa raundi. Ilipofika ile ya nane, kijana wa maji aliteleza polepole ili kila mtu aone, na kinyozi akaeleza, kila jioni kwa maneno yale yale:

"Mguu wa kushoto ulikanyaga maji ya kona yao. Ngumi yenyewe ilimpita kama shemeji amekasirika, hata salamu haikutoa!"

Benchi lilikufa kwa kicheko. Kaka alikaa mwisho wa benchi, uso bado umevimba, akiangalia. Hakuongeza neno. Mara moja moja alisema tu, "Rudieni hapo," nao wakarudia. Watu walimsifu. "Mwangalie, champ hana maringo," walisema. "Angekuwa mwingine tungelala hapa akijisifu." Hata mimi niliona ni unyenyekevu. Nilijivuna kimya kimya nikampelekea chai.

Lakini kulikuwa na jambo lililongoja jibu. Promota alikuwa amempigia simu: marudiano yapo akitaka, ila aseme kabla mwezi haujaisha. Benchi lilitaka marudiano kesho. Mama hakutaka hata kuyasikia. Alikuwa amemwona kaka akiangusha kikombe mara mbili bila kuguswa na mtu, na siku moja kaka aliniita mimi kwa jina la shangazi yetu aliyefariki. Mama alisema, "Huyu mtoto wameshamgonga kichwa vya kutosha." Kaka mwenyewe aliulizwa, akasema bado anafikiria.

Mimi naomba niseme ukweli: niliyatamani yale marudiano. Nilikuwa nimeshahamisha familia yote akilini. Nyumba ya mawe kule mtaa wa Olympic, bomba ndani, mama amekaa kwenye kiti chenye mikono. Ndoto hazinigharimu kitu, huwa naziota hata nikikanda unga.

Kisha kaka akaniambia, "Kesho naenda na wewe Kawangware."

"Utaenda kutafuta nini kwa maadui?"

"Nataka kuwasikia."

Waendesha bodaboda walimtambua hata kabla hajaketi. Nilidhani wangemtusi. Badala yake mmoja, jamaa mkubwa wa koti la ngozi anayependa mandazi zilizoungua kidogo, alivua helmeti akampa mkono kwa mikono miwili.

"Niaje champ! Karibu kwa mabingwa."

"Poa. Mabingwa wa kuibiwa," kaka akajibu, na stendi nzima ikacheka.

"Wewe ulituchosha, buda. Mimi hiyo siku nilikunywa maji nikidhani ni soda. Haya, sema mbele ya watu. Raundi ya nane. Uliteleza ama ulilambishwa sakafu?"

Nilikuwa nikigeuza mandazi kwenye mafuta. Nilimsikia kaka akikohoa, kisha akasema taratibu:

"Mguu wa kushoto ulikanyaga maji ya kona yenu. Ngumi yenyewe ilinipita kama shemeji amekasirika, hata salamu haikutoa."

Wakacheka mpaka wengine wakashika pikipiki zao zisianguke. Mimi sikucheka. Yale hayakuwa maneno ya kaka. Yalikuwa ya kinyozi, neno kwa neno, hata pale pa kupumua.

Wa koti la ngozi alifuta machozi ya kicheko, akasogea. "Sawa, hiyo tumekuachia. Sasa kitu kimoja mimi husumbuka nacho. Raundi ya kumi, mlikumbatiana, refa akawaachanisha, lakini kabla hajafika ulimwambia mtu wetu kitu kwa sikio. Tuliona mdomo. Yeye tumemuuliza amekataa kusema. Ulimwambia nini?"

Hilo halikuwa kinyozini. Hakuna mtu wa benchi aliyekuwa na jibu lake, kwa hiyo hapakuwa na mahali pa kulitoa. Kaka aliangalia mikono yake, halafu akanitazama, na macho yale sijawahi kuyaona kwake hata tulipokuwa wadogo tumefungiwa nje kwenye mvua.

"Alimwambia asalimie Kawangware," nikasema haraka. "Na mandazi zinaungua, nani anataka za kwanza?"

Wakacheka tena, wakaingia kwenye mandazi.

Nilifunga kazi mapema. Tulitembea kupitia mtaa wa Satellite, jua bado lipo, watoto wa shule wakitupita na sweta zimefungwa viunoni. Nilimwacha atembee mpaka watu walipopungua.

"Kaka. Ulimwambia nini?"

"Sijui."

"Hukumbuki hiyo tu?"

Alitembea kidogo. "Nakumbuka kocha akinifunga glavu. Zile kamba zilikuwa zimekaza nikamwambia alegeze. Halafu nakumbuka mama akinipa uji kwa kijiko, na mchana umeingia mlangoni. Katikati hapo hakuna kitu. Si kama umesahau, unajua, ile ya kusahau unahisi kitu kipo pembeni. Hii ni kama sikwenda."

"Ndiyo maana unaenda kwa kinyozi."

"Naenda kujua nilifanya nini." Alicheka kidogo. "Kuna raundi nzuri, jameni. Ile ya tano, naipenda. Nikiiangalia nasema huyo jamaa ni noma."

Nililia nikitembea. Sikutaka anione lakini pua yangu haijui siri.

"Wacha hiyo," akasema. "Nisaidie kitu kimoja. Kibera wanasema nilishinda. Hawa wanasema nilipigwa. Wote wananipenda kwa hiyo wote wanaweza kudanganya. Wewe ulikuwa mbele kabisa. Nilishinda?"

Alikuwa amesimama. Wapita njia walituzunguka.

"Kwa nini unataka kujua?"

"Kwa sababu kama nilishinda, naweza kuacha. Nitakaa tu nikijua. Mtu anaweza kukaa na hiyo maisha yake yote hata kama mshipi uko kwa mwingine. Lakini kama nilipigwa, siwezi kuacha kitu kikiisha hivyo. Itabidi nirudi."

Neno moja lilitosha. Ningesema umeshinda na yangeisha pale pale, na Mungu angenielewa. Lakini alikuwa ananitazama kama mtu anayeuliza njia, na mtu kama huyo huwezi kumwelekeza mahali usipopajua.

"Sikuona," nikamwambia. "Kila alipoinua mkono nilifunga macho. Nilifungua kengele ikilia. Aki ya nani, kaka, mimi niliona vipindi vya kupumzika tu."

Akacheka kwa sauti mpaka mama mmoja wa mboga akageuka.

"Sasa sisi wawili wa nyumba moja," akasema, "wewe hukuona na mimi sikuwepo."

"Ukirudi, hiyo nyingine pia hutaiona," nikasema. "Na siku moja utakuja uulize mama ni nani kwenye hii nyumba."

Tulivuka Ngong Road. Karibu na nyumbani alinishika bega, ile ya kuegemea bila kutaka uonekane unaegemea, nami nikajifanya sijui.

Mama na mimi tulimpeleka kliniki. Daktari alimulika macho yake, akamwomba atembee kwenye mstari, akauliza maswali ya mchezo mchezo ambayo kaka alikosa kuyajibu. Alisema vipimo vingine vitahitajika, lakini jambo moja halingoji vipimo: kichwa hiki kisipigwe tena, hata mazoezini. Mama alishukuru kama aliyepewa zawadi. Kaka alivaa shati lake akakosea vifungo.

Siku hiyo hiyo alimpigia promota simu nje ya mlango wetu. Ilikuwa simu fupi. Aliporudi ndani alisema, "Nimemwambia hapana," akaomba maji.

"Na benchi utawaambia nini?" nikamuuliza. "Waambie tu daktari amekataa."

"Wakijua sikumbuki watanihurumia. Wataongea na mimi polepole, kama mtoto. Sitaki." Alikunywa maji. "Nikisema nilishinda, wataniuliza mbona sirudi kuchukua changu. Lazima niseme ile nyingine."

Jioni nikaenda naye kinyozini. Walikuwa raundi ya pili, fundi viatu jasho linamtoka. Kaka alisimama mlangoni, akangoja watulie.

"Wasee. Hakuna marudiano. Yule kijana alinipiga. Ile ya nane sikuteleza. Alinipiga vizuri, na mambo yaishe."

Kijana wa maji alishusha mikono kama aliyevuliwa nguo mbele za watu. Kinyozi ndiye aliyepasuka, mashine mkononi.

"Wewe unajua nini? Ati alinipiga! Omera, ndugu yangu, wewe ulikuwa ndani, na aliye ndani haoni! Mimi niliona! Mimi nilikuwa nimesimama juu ya kiti!" Akamgeukia mteja mwenye nusu ya nywele. "Mwambie! Si uliona?"

"Niliona," mteja akasema.

"Alishinda. Hata yeye mwenyewe akatae, alishinda. Songeni, tuanze kutoka ya kwanza, huyu mtu amechanganyikiwa."

Kaka alitabasamu, macho yamejaa. "Pengine," akasema, akaketi mwisho wa benchi pale pake.

Wakaanza upya. Walikuwa na hasira sasa, kwa hiyo walipigana vizuri kuliko siku zote, na ile raundi ya tano ilikuwa tamu mpaka waliokuwa wakipita njia walisimama. Nilijua mama anangoja na chakula. Nikamgusa kaka kiwiko, nikamnong'oneza twende.

"Ngoja kidogo," akasema bila kunitazama. "Bado hawajamaliza."