Mizizi Kwenye Droo ya Friji

Mimi nikiuziwa kitu hukigeuza kwanza nikatazama chini yake. Hata maembe ya dukani hapa Fort Worth huyanusa kitako, na wenye duka wanitazame watakavyo. Basi siku nilipokwenda Dallas na bwanangu, kwenye soko la wapenda maua, mzee mmoja akanionyesha mizizi ya okidi na kuniapia kwamba kaiotesha mwenyewe kwa mbegu, sikumwamini. Mzizi wa kuoteshwa huwa safi, umetawanya vidole pande zote. Ule wake ulikuwa umekatika upande mmoja na una udongo mwekundu wa msituni. Nilipomwuliza udongo umetoka wapi, akabadilisha maneno, akasema aliuokoa kwenye kiwanja kilichokuwa kikifyekwa kijengwe nyumba. Hadithi mbili, na mdomo haujakauka. Niliununua shingo upande, kwa sababu kichipukizi kilikuwa kizima na kumwachia yeye kusingeurudisha msituni.

Okidi hizi ua lake lina mfuko mbele, kama ncha ya kiatu cha kike, na huku huziita hivyo, viatu vya mabibi. Zinataka baridi ya kweli ili zilale. Baridi ya Texas haina msimamo: leo barafu, kesho jua la kuanikia mpunga, na kichipukizi kikidanganyika kikaamka mapema hufa. Kwa hiyo majani yakishanyauka mimi huing'oa mizizi, naiosha, naizungushia nyuzi za mimea ya kinamasi zilizoloweshwa kidogo, naitia kwenye mfuko wa plastiki na kuilaza droo ya chini ya friji, mbali na matunda, maana matunda yakiiva hutoa hewa inayoviua vichipukizi. Ukiitazama haipendezi. Ni ya kahawia, imesokotana, na katikati kuna kichipukizi cheupe kimechongoka kama jino.

Majira hayo ya baridi mamamkwe akaja kutoka Mombasa kukaa nasi. Kwenye simu tulikuwa tukipendana sana. Alipofika akamkuta mwanawe amefunga aproni anaosha sufuria. Kwetu hapa ndivyo, mimi nafanya kazi ya uuguzi, naingia zamu na kutoka, na aliyepika haoshi vyombo. Mama akamtazama mwanawe mpaka sufuria ya mwisho, akasema, "Mashallah, umetulia siku hizi."

Siku chache baadaye akaenda kutafuta tangawizi, akavuta droo.

"Hii ni nini, mwanangu?"

"Maua hayo, mama."

"Maua, ndani ya friji?"

"Yamelala, mama. Yataamka baridi ikiisha."

Nilijisikia mwenyewe ninavyosema, nikajua nimejichimbia shimo. Mama akairudisha droo polepole, akasema, "Haya." Mtu wa pwani akikwambia haya kwa sauti ile, ujue mazungumzo hayajaisha, ila wewe tu ndiye hutayasikia.

Toka siku hiyo hakula chakula changu. Mara amefunga sunna, mara tumbo limemkataa, mara mchele wa huku una harufu. Alijipikia uji wake na kuosha kijiko kabla na baada. Sikuhitaji kuambiwa. Mwanamume anaosha vyombo, mkewe ana mizizi kaificha kando ya vyakula. Kwetu hata mtoto angesema ni limbwata, mume kalishwa dawa akawa kondoo. Roho iliniuma, nakiri. Na mimi nikaanza kumchunga yeye. Mfuko niliokuwa nimeulaza mdomo ukutani nikaukuta mdomo mlangoni. Mara nyingine nikakuta nyuzi zimegeuka manjano na zinanukia zafarani. Alikuwa amezinyunyizia kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya dua, aliyokuja nayo kwenye chupa. Nikaiosha mizizi, nikabadilisha nyuzi. Tukaendelea kuitana mama na mwanangu huku kila mmoja akihesabu nyayo za mwenziwe.

Upande wa bwanangu sikuwa na wasiwasi. Yeye ndiye aliyeendesha gari kwenda Dallas na kurudi, mizizi ikiwa mapajani mwangu. Nilipomwambia mamake ananishuku alicheka, akasema wazee ndivyo walivyo, nimwache. Ila naye akawa anarudi kutoka kazini ameshiba. Wenzake wa ghalani anakofanya kazi wamenunua pilau, wenzake wamealika. Nilimwamini, mimi nisiyeamini embe.

Baridi ilipoisha nikaipanda mizizi kwenye chungu, kivulini nyuma ya nyumba. Ikatoa machipukizi mawili, majani mapana yenye mikunjo kama kanga iliyofunguliwa sasa hivi, yamejaa vinyweleo. Kwa majani hayo peke yake huwezi kusema ni okidi ipi. Lazima ungoje ua.

Kisha asubuhi moja mama akaja kunywa chai mikono ikiwa ndani ya leso. Alipoinua kikombe nikaona viganja na vifundo vimevimba, vyekundu, vimejaa vipele. Vinyweleo vya majani yale huwawasha baadhi ya watu, nalijua hilo.

"Mama, umelishika lile ua?"

"Sijashika kitu."

Nikauchukua mkono wake nikauosha kwa sabuni, nikaupaka dawa. Nilikuwa nampaka ndipo aliposema, na machozi yanamtoka, "Uchawi wako umenirudi. Nipeleke Houston kwa ndugu yangu, nisife humu."

Hasira zikanipanda mpaka masikio yakavuma. Nikamshika bega tukatoka nje. Chipukizi moja lilikuwa limenyofolewa, limetupwa nyuma ya chungu. La pili lilikuwa limesimama.

"Limebaki hili," nikamwambia. "Kaa hapa ulilinde mwenyewe. Likitoka dawa, nitafunga nguo zangu nikuachie mwanao. Likitoka ua, utakula chakula cha mkono wangu."

Akakaa kweli. Kila siku kiti chake cha plastiki kando ya chungu, tasbihi mkononi, na mikono mbali na majani. Bwanangu alikuwa akitupita hapo akienda garini.

Ua likafunguka. Ile ya kawaida mfuko wake ni mdogo na manjano yake ni makali. Hili mfuko ulikuwa mkubwa kama yai la kuku, rangi ya krimu, na petali mbili za kahawia zimesokotwa zikaning'inia. Ndiyo ile adimu ya misitu ya mashariki ya Texas, ambayo watu huing'oa kwa wizi, na yule mzee wa Dallas nikazidi kumtilia shaka. Nyuki akaingia mfukoni, akavuma humo ndani, njia aliyoingilia ikamkataa, akatokea tundu la nyuma amepakwa unga mgongoni. Mama akacheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu aje.

"Kumbe ua," akasema. Kisha akanishika kiwiko cha mkono. "Nisamehe, mwanangu. Nilimhofia mtoto wangu."

Nilimsamehe palepale, na furaha nilikuwa nayo. Nikapika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mama akala kwa mkono, akaongeza, akamaliza kabla mwanawe hajanawa.

Bwanangu akaketi. Nikampakulia, nikamsogezea sahani. Hakuigusa. Akaniuliza habari za kazini, akauweka sawa mwiko, akanywa maji. Nikadhani anasubiri ndimu, nikampa ndimu.

"Kula, baba," mamake akamwambia. "Mimi nimekula."

Hakula. Alikuwa akiutazama mkono wangu. Mama akaona, akainamisha uso. Nikachota tonge kwenye sahani yake, nikatia mdomoni, nikatafuna, nikameza huku ananitazama koo.

Ndipo akasema bismillahi, akaanza kula.