Ule ukimya kwenye tangazo la sabuni

Jamani, nimetoka sokoni Mwigobero sasa hivi na mwili bado unanisisimka.

Mnajua natoa nyimbo zangu mwenyewe, ila kinacholipa kodi ni muziki usio na maneno ninaowauzia watu wa matangazo.

Basi nanunua dagaa, redio ya kibandani ikapiga tangazo la sabuni. Muziki wangu! Ule wenye ukimya mfupi katikati. Mteja alitaka niufute, nikagoma, hata sijui kwa nini.

Mama mzee anayenipimia dagaa akaanza kuuimba.

Kwa maneno!

Ulipofika ukimya akanyamaza, akatupa mkono nyuma ya bega, akaendelea bila kupishana na mdundo.

"Mama, huu wimbo umeujulia wapi?"

"Huu? Tuliimbaga shamba la ujamaa kule Bunda, tukichuma pamba. Hapo panaponyamaza ndo tulikuwaga tunatupia pamba kwenye kikapu mgongoni."

Nikakaa chini, palepale kwenye magamba ya samaki.

Mimi nilijua nimeutunga chumbani kwangu, mtaa wa Mukendo!

Halafu nikamkumbuka marehemu bibi yangu. Alichumaga pamba Bunda. Na mimi nimelelewa mgongoni kwake.

Haya niambieni, pale kwenye nafasi ya mtunzi wa huu muziki niandike jina la nani?