Bi Husika Anaomba Nyumba

Kama uliwahi kuomba kazi, uhamisho, talaka au msamaha katika mji ule, basi barua yako huenda iliandikwa na Bi Husika. Miaka ishirini na sita alikaa kwenye meza moja nje ya lango la mahakama, na taipu ambayo herufi zake nusu zilikuwa zimechoka. Jina lake halisi lilishasahaulika. Watu walimpa hilo la Husika kwa sababu kila barua yake, hata ya mapenzi, ilianza hivi: tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Baada ya mstari huo ndipo kazi ilipoanza. Afisa mmoja aliwahi kufunga mlango wa ofisi akalia, kisha akatoka akasaini uhamisho aliokuwa ameukataa mara tatu.

Sasa fundi huyo wa kuombea watu alipopanda basi kuvuka mpaka, akatafute nyumba ya kupanga katika mji wa wenyewe, nani angedhani atahangaika? Hata yeye hakudhani. Ndiyo maana alibeba sweta moja tu.

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Binti yake alikuwa muuguzi katika mji huo, mwaka wa tatu sasa. Alikaa bweni la wafanyakazi wa hospitali, chumba kimoja, watoto hawaruhusiwi, mgeni siku kumi na hata dakika haiongezwi, na mlinzi wa getini aliziandika siku hizo daftarini kwa raha zake zote. Mtoto wake wa kike alimwacha kwa Bi Husika akiwa na miaka miwili. Sasa ana mitano, na shule zinafunguliwa mwezi ujao. Mpango ulikuwa nyumba ipatikane ndani ya siku hizo kumi, bibi na mjukuu wahamie moja kwa moja, mtoto aanze shule akiwa na mama yake. Isipopatikana, anaandikishwa kulekule nyumbani, na mama yake anaendelea kumlea kwa simu mwaka mwingine.

Na huko kulea kwa simu kulikuwa kumeshazaa matunda yake. Mtoto alimwita Bi Husika "mama." Aliyemzaa alimwita "mama wa kwenye simu," kwa heshima kabisa, kama unavyosema bwana wa umeme. Je, Bi Husika alimsahihisha? Alipanga kumsahihisha kesho. Hiyo kesho ilikuwa na miaka miwili.

Haya, nyumba. Dalali wao alikuwa kijana wa viatu vyenye ncha, anayeongea kana kwamba kila jengo mjini amelipaka rangi yeye. Nyumba ya kwanza aliisifia kwamba ina mwanga wa kutosha. Dirisha lilikuwepo, hatukatai. Bi Husika alilifungua, akanyoosha mkono, akagusa ukuta wa jirani.

"Mwanga uko wapi, baba?"

"Swichi hiyo hapo, mama."

Ya pili ilikuwa na jiko ndani ya bafu, au bafu ndani ya jiko, inategemea umeingia na njaa au na uchafu. Ya tatu ilikuwa nzuri, ila mwenyewe alikuwa na swali moja tu: huyo mtoto analia?

"Ana miaka mitano," Bi Husika akasema.

"Ndiyo, lakini analia?"

"Wewe ulipokuwa na miaka mitano ulikuwa unafanya nini, unahutubia?"

Hiyo nayo ikaenda na maji. Binti yake, aliyetoka zamu asubuhi hiyohiyo na macho mekundu, alingoja mpaka wakafika barabarani. "Mama, tunaomba. Hatuhukumu," akasema.

Tena usidhani hivyo vibanda vilikosa wateja. Unavua viatu mlangoni, unazunguka vyumbani na watu kumi na wawili wanaokuchukia kwa adabu, halafu unaacha bahasha kwenye kikapu. Ndani ya bahasha, barua ya kumwambia mwenye nyumba wewe ni nani na kwa nini akupe wewe, asimpe yule pale. Anakwenda kusoma kwake, anachagua anayempendeza. Dalali alipoeleza utaratibu huo, Bi Husika alikaribia kuvunjika mbavu. Barua! Yaani wanamletea yeye barua!

Akakaa kitandani kwa binti yake, akaandika ifuatayo: *Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanamke mtu mzima, mwenye akili timamu. Sina kelele. Naomba nyumba. Natanguliza shukrani.*

Binti akaisoma, akageuza karatasi kuona kama kuna upande wa pili. "Ndiyo hii tu?"

"Inatosha. Wanataka nini, historia ya ukoo?"

Barua tatu za namna hiyo ziliingia vikapu vitatu. Majibu yakaja mazuri sana, ya heshima sana, yote hapana.

Siku ya saba wakapelekwa ghorofa ya tatu kwenye jengo la kijivu, na hapo hata Bi Husika hakuona kasoro. Vyumba viwili. Jiko lina mlango wake. Na dirisha la sebuleni lilitazama moja kwa moja uwanja wa shule ya msingi. Binti alisimama pale na sare yake ya kazi, paji la uso kwenye kioo.

"Mama, kutoka hapa mpaka getini ni dakika mbili," akasema. "Hata nikitoka zamu nimekufa, ningemwona akiingia darasani."

Bi Husika akatoa bahasha yake, ileile ya 'sina kelele,' akaitia kikapuni. Binti akabaki ndani kumhoji dalali habari za maji, yeye akashuka kumsubiri.

Kwenye ngazi alikaa mwanamke wa koti jekundu, mimba imefika puani. Alikuwa na karatasi mapajani, imeandikwa maneno mawili na doa la wino.

"Samahani, mama. Unajua kuandika barua?"

Ebo! Umwulize seremala kama amewahi kuona msumari! Bi Husika alishakaa kabla hajajibu. Akamwuliza yule mwanamke maswali mawili tu, unalala wapi sasa, na mtoto utamlaza wapi. Mwanamke akasema wanalala stoo, nyuma ya karakana ya makochi anakofanya kazi mumewe, na mtoto wamemwekea droo ya kabati. Wameipiga msasa isimchubue. Bi Husika akauliza rangi ya droo. Akaweka karatasi juu ya mkoba, akaandika robo saa bila kuinua kichwa, akampa, akampiga begani kidogo. Binti aliposhuka, mama yake alikuwa anatabasamu peke yake, jambo ambalo hakulifanya tangu avuke mpaka.

Kesho yake mchana simu ya dalali ikaita. Binti akaiweka sauti ya juu.

"Poleni," dalali akasema, "nyumba amepewa yule wa koti jekundu. Mwenyewe alisoma barua mpaka akatafuta leso. Nimeipiga picha, ngoja niwasomee muone wenzenu wanavyoomba. *Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimemwandalia mwanangu droo ya kijani. Mume wangu ameipiga msasa siku tatu...*"

Binti akakata simu kabla dalali hajafika mahali pa kutafutia leso. Chumba kilikuwa kidogo, hapakuwa na pa kuangalia pengine.

"Umeandika wewe," akasema.

"Alikuwa na shida, mwanangu. Ungemwona lile tumbo..."

"Humjui hata jina. Umemwandikia barua ya kumliza mtu mzima. Mimi umeniandikia 'sina kelele.'"

"Sasa nilijuaje watampa yeye?"

"Unajua, mama. Hiyo ndiyo kazi yako, unajua barua gani inapewa na barua gani inanyimwa." Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Wewe hutaki nyumba."

"Mimi? Niliyekaa kwenye basi siku mbili magoti yamegusa kidevu?"

"Umekuja ili ukirudi useme ulijaribu."

Akajilaza na sare yake, akampa mama yake kisogo. Wauguzi wamezoea kulala popote, ila huyu hakuwa amelala, mabega yalimsaliti.

Bi Husika akatoka na simu mpaka uani, penye kamba za nguo. Moyoni alikuwa na majibu kama ishirini, yote makali, yote mazuri, na hakuna hata moja lililokuwa la kweli. Akapiga nyumbani. Wifi yake, aliyebaki na mtoto, akampa mtoto simu.

"Mama! Umepata nyumba?"

"Bado, mama'angu."

"Basi rudi. Mama wa kwenye simu si atatupigia?"

Na Bi Husika akafurahi. Tusimpambe, alifurahi, kifua kizima kikamjaa joto pale katikati ya mashuka ya hospitali. Halafu akageuka, akaona dirisha la binti yake na pazia lililofungwa mchana kweupe. Aliona aibu hadi masikioni. Miaka ishirini na sita aliwasomea wezi mashtaka yao kabla hawajaingia kortini, na hakuwahi kudhani siku moja atajisomea lake.

Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza barua nyingine. Barua ile ilimchukua saa tatu, yeye wa robo saa.

Siku ya tisa dalali aliwapeleka, kwa sura ya mtu anayemalizia kiporo cha kazi, kwenye vyumba viwili juu ya duka la vitasa. Dirisha moja lilishikizwa kwa karatasi iliyokunjwa. Bomba la jikoni lilidondosha maji kwa bidii kuliko watumishi wengi wa umma. Shule ilikuwa mtaa wa tatu. Hapakuwa na foleni, na mwenye nyumba alikuwepo mwenyewe, mama mmoja mkavu mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani.

"Sina kikapu," akasema. "Lete hapa nisome."

Bi Husika akampa. Barua haikuwa na kichwa cha habari.

*Mimi sihitaji nyumba. Ninayo, na ndani yake kuna mtoto wa miaka mitano anayeniita mama. Sikumzaa. Aliyemzaa ni binti yangu muuguzi, anayekesha na wagonjwa wa watu, na mwanawe anamwona kwenye kioo cha simu kilichopasuka. Siku mtoto aliponiita mama mara ya kwanza nilitakiwa kumkataza. Sikumkataza, kwa sababu nilipenda. Nimeandika barua tano mbovu makusudi, na nilijidanganya kwamba ni uchovu. Naomba nyumba hii ili nirudi kuwa bibi kabla sijashindwa kabisa.*

Mwenye nyumba akasoma. Akabadilisha miwani, akasoma tena.

"Umeandika wewe?"

"Mimi."

"Na huyu ameisoma?"

"Bado."

Yule mama akampa binti karatasi, akaenda kusimama dirishani kama mwenye shughuli na mtaa. Binti akasoma. Bomba likadondosha, likadondosha. Alipomaliza hakumkumbatia mtu wala hakulia, hayo waachie wenye nafasi. Aliikunja barua mara nne, akaitia mfuko wa sare, ule wa juu, pamoja na kalamu na kipimajoto.

"Mbovu ni nne, mama," akasema. "Umeandika tano."

"Ile ya tano nilikuwa nimeshaiandika ya akiba. Kwa ajili ya leo."

Kicheko kikamtoka binti puani, kifupi, cha hasira, lakini kicheko.

"Naona barua yangu sirudishiwi," mwenye nyumba akasema kule dirishani. "Haya. Ufunguo huu hapa. Bomba nitaleta fundi Jumatatu."

Ufunguo ulikuwa bado mkononi mwa Bi Husika simu ilipolia. Wifi. Yaani wifi alikuwa ameshachoka kuulizwa, na hata salamu hakutoa, akamwachia mwenye swali.

"Mama! Umepata nyumba?"

Bi Husika akafungua mdomo. Neno lile lilikuwa limekaa sikioni mwake, tamu vilevile.

"Tumepata," akasema. "Sasa sikiliza, mjukuu wangu. Mimi ni bibi. Ngoja nikupe mama."

"Mama yupi?"

"Huyu," akasema Bi Husika, akampa binti yake simu. Kisha akaingia jikoni, akalikaza lile bomba kwa mikono miwili, akalifungua, akalikaza tena, mpaka aliposikia huko sebuleni wameanza kuongea.