Pazia la Maganda

Mtaa mzima ulimwita Bwana Mkanda, na si kwa heshima. Alikuwa mpiga mbwa wa manispaa. Kila alipotukanwa, na hakuna siku iliyopita bila kutukanwa, alijibu kwa maneno yaleyale aliyofundishwa siku aliyoajiriwa: "Mwenye mkanda simgusi, asiye na mkanda simwachi." Ndiyo sheria ya ofisi. Mbwa mwenye mkanda shingoni ana mwenyewe. Asiye nao ni wa risasi. Watoto walibweka akipita, watu wazima walimsalimia kwa mbali mikono ikiwa mfukoni, na yeye aliinamisha kichwa akaendelea na njia yake, bunduki ndogo begani.

Yeye alishazoea. Aliyekuwa akiumia ni mkewe. Bombani wanawake walivuta ndoo zao pembeni alipofika, utadhani viroboto wanaruka kutoka kwenye nguo zake. Kwenye harusi hakualikwa, na kwenye misiba aliosha vyombo peke yake uani, kisha wenye vyombo wakavirudia kuviosha. Miaka nenda miaka rudi alimeza mate machungu, na mwanamke anayemeza kwa muda mrefu namna hiyo, siku akipata nafasi ya kutema hachagui pa kutemea.

Mtu mmoja tu hakumtenga: bibi wa nyumba ya pili. Huyu ndiye aliyempokea mtoto wake wa pekee siku uchungu ulipombana na gari la hospitali halikutokea, akamkata kitovu, akawakanda mama na mwana mpaka wakapata nguvu. Mtoto alishaolewa mbali. Bibi naye alizeeka, macho yakaingia ukungu, akabaki anaona vivuli tu. Aliishi na mbwa wa rangi ya udongo aliyejileta mwenyewe siku ya mvua akagoma kuondoka, ndiyo maana akaitwa Mgeni. Bibi alimfunga mkanda wa ngozi, akaufunga kamba, na Mgeni akawa anamtangulia mpaka dukani. Gari likija, Mgeni aliketi chini na bibi akasimama.

Sasa tuje kwenye maganda. Bunduki ya Bwana Mkanda ilikuwa ya risasi ndogo, ganda lake si refu kuliko ncha ya kidole cha mwisho. Mtunza stoo wa manispaa alitaka mikia: mkia mmoja, risasi moja nyingine. Maganda hakuyataka. Alishaeleza mara nyingi kwamba ganda la namna hii halijazwi tena, kwa sababu dawa ya kuwashia imo ndani ya ukingo wake, na ukingo ukishagongwa umeisha kazi. Bwana Mkanda, ambaye hakupenda kutupa takataka barabarani, aliyatia mfukoni na kuja nayo nyumbani. Mkewe aliyakuta kwenye maji ya kufulia, akayakanyaga usiku, akayalalia. Akayatupia kwenye kopo la rangi, kopo likajaa, akaanza la pili.

Siku moja nzi walimzidi sebuleni, naye hakuwa na pazia la maana. Akamwaga kopo moja sakafuni. Akayachemsha maganda kwa ndimu na chumvi mpaka yakang'aa, akatoboa kila moja matako kwa msumari na nyundo, akayatunga kwenye uzi wa kuvulia samaki, kati ya ganda na ganda kipande cha mwanzi. Nyuzi zikawa nyingi, akazipigilia mlangoni. Upepo ulipokuja pazia likalia kama vijiko kwenye kikombe, na jua lilipolipiga, sebule nzima ikageuka dhahabu.

Haikupita wiki, wale wa bombani wakaanza kukohoa kizingitini. Wakaingia, wakashika, wakauliza. Walikunywa chai yake, katika vikombe vyake. Hakuna aliyetaja mbwa. Mwanamke akafuma mapazia matatu, akaanza kuitwa Mama Pazia, akatembea shingo ikiwa juu, na mimi simlaumu kwa hilo. Ninayomlaumu yanakuja.

Alifika mke wa daktari, ambaye gari lake lilikuwa halijawahi kuzimwa kwenye mtaa ule. Binti yake alikuwa anachumbiwa, na alitaka pazia la mlango mpana wa ukumbini, maganda ya kila uzi yafike sakafuni. Alipima kwa mkono kuonyesha. Kisha, akiondoka, akamshika Mama Pazia begani akasema siku hiyo atakaa mbele, kiti cha pembeni yake. Basi. Neno hilo lilimwingia mwanamke yule mpaka kwenye mifupa. Yeye, mke wa mpiga mbwa, mbele, na wale wa bombani nyuma wanamwangalia kisogo.

Makopo yaliisha pazia likiwa nusu. Akamwambia mumewe alete maganda zaidi. Bwana Mkanda akajibu kwamba mbwa wa kuzurura wamekwisha mjini, waliobaki wana mikanda. Mkewe akamuuliza kama ni mwanamume au ni mlinzi wa mbwa, na mengine ambayo hayaandikiki. Aliponyamaza, jibu alikuwa ameshalipata mwenyewe. Tatizo lilikuwa mikanda.

Akaanza kubeba vichwa vya samaki kwenye mfuko. Jioni, akitoka bombani, alipitia nyuma ya nyumba za watu. Mbwa wanamjua kila anayewalisha. Walikuja na mikia ikicheza, wakainamisha shingo, naye akafungua mikanda mmoja mmoja kwa vidole vilivyozoea kazi ndogondogo. Mikanda akaitumbukiza chooni. Asubuhi Bwana Mkanda akakuta mbwa wako shingo tupu, akashangaa jinsi watu walivyozembea siku hizi. Akapiga. Wenye mbwa wakalia na kulaani, naye akawajibu kwa sentensi yake, na nyuzi zikarefuka. Alikuwa akiiamini sentensi ile, maskini, kama mtu anavyoamini dari ya nyumba yake.

Ukabaki uzi wa mwisho, nao ulipungukiwa na ganda moja. Sikia hapo: moja. Mama Pazia angeweza kuongeza kipande cha mwanzi. Aliliwaza hilo, nakiri aliliwaza, akaushika uzi akauangalia. Lakini mke wa daktari alisema maganda yafike sakafuni, na uzi ulikuwa wa katikati, mahali jicho linapotua kwanza. Kulipokucha akapita kwenye tundu la ua kwenda kwa bibi. Bibi alikuwa ndani anajipikia uji. Mgeni alimjua vizuri kuliko mbwa wote. Alijilaza chali kabisa. Mama Pazia akamfungua mkanda pamoja na kamba yake, akamwonyesha kichwa cha samaki, na Mgeni akamfuata mpaka barabarani.

Gari la manispaa lilikuwa linakuja taratibu. Bwana Mkanda akamwona Mgeni amesimama katikati ya njia, shingo wazi, akainamisha bunduki. Akamwambia dereva huyu ni wa jirani. Dereva akacheka, akauliza kumbe sheria ni kwa mbwa wa wengine tu. Mlangoni kwa fundi viatu, ambaye mbwa wake aliuawa juzi, fundi mwenyewe alikuwa amesimama mikono kifuani, anangoja aone. Na wengine wawili watatu walishatoka nje. Bwana Mkanda alitazama nyuso zile. Maisha yake yote alikuwa na kitu kimoja tu cha kuwajibu. Mgeni alikuja kwake mwenyewe, akaketi chini kama alivyoketi gari likija.

Jioni Bwana Mkanda aliliweka ganda mezani, akakataa chakula. Mkewe akalitunga.

Kesho yake, siku ya kulipeleka pazia, bibi aliingia akipapasa ukuta. Watoto walishamwambia. Pazia jipya lilikuwa limetandikwa juu ya meza, na Bwana Mkanda alikuwa kwenye kigoda mlangoni, anafunga viatu ambavyo alishavifunga. Bibi hakulalamika. Alisema kazi ni kazi, hana kinyongo na mtu, ila kuna jambo linamsumbua. Mkanda aliufunga mwenyewe asubuhi ile, kwa mikono yake, na Mgeni hakuwa mbwa wa kumruhusu mtu asiyemjua amguse shingoni. Mikono ya Bwana Mkanda ikatulia juu ya viatu.

"Nimesikia maganda unayatunza wewe, mwanangu," bibi akamwambia Mama Pazia. "Naomba lake. Sina kaburi lake, walimpeleka jalalani. Ni kidogo tu, nitalifunga kwenye pindo la kitambaa."

Ganda la Mgeni lilikuwa mwisho kabisa wa uzi wa katikati, chini ya fundo. Fundo likifunguliwa, uzi mzima unamwagika, na gari la mke wa daktari lilikuwa njiani. Mama Pazia akaingiza mkono kwenye kopo la mabovu yasiyofaa kutungwa, akachukua ganda lililobonyea, akamwekea bibi kiganjani, akamkunja vidole kwa upole kabisa.

"Hili hapa, bibi. Nilikuwekea."

Bibi alilishika kwa mikono miwili. Akamshukuru. Akasema alijua tu kwamba mtoto aliyemkanda kwa mikono yake hawezi kumnyima kitu. Akamwombea dua ndefu, yeye na uzao wake, kisha akapapasa mlango na kuondoka. Barabarani alisimama kidogo, hajui gari linatoka upande gani, mpaka fundi viatu akaja akamvusha.

Bwana Mkanda alikuwa bado kwenye kigoda.

"Ulimfungua wewe," akasema.

Mkewe alikuwa anavuta nyuzi zikae sawa juu ya shuka.

"Mimi nilifungua mkanda tu," akasema. "Aliyempiga ni wewe."

Mume alifungua mdomo. Maneno yake ya siku zote yalikuwa palepale kwenye ulimi, hakuna lililopotea. Akaufunga. Nje honi ikalia, tamu, ya gari zuri. Mkewe akaviringisha pazia ndani ya shuka, akajaribu kulinyanyua peke yake, likamshinda uzito. Akamwita. Bwana Mkanda akasimama, akashika upande mmoja, mkewe akashika wa pili, wakalitoa nje.